Kutengeneza Potasiamu Salfeti Safi Maabarani: Kutoka Asidi na Alkali Hadi Fuwele Kavu

Potasiamu salfeti, K₂SO₄, ni chumvi tulivu. Hainyonyi unyevu wa hewa, haina maji ya fuwele, haiungui, na ikifungwa kwenye chupa hukaa miaka bila kubadilika. Kwa sababu ya utulivu huo wengi huiona kuwa kazi rahisi. Ugumu wake uko kwenye maji: huyeyuka kidogo, na hata ukiipasha moto haiongezeki sana. Anayeishughulikia kama shabu au mrututu, yaani anapasha moto kidogo, anapoza na kusubiri fuwele, huishia na unga wa kujaza kijiko huku sehemu kubwa ya chumvi yake ikiwa bado majini.

Basi zishike namba hizi kabla ya kugusa chombo chochote. Gramu 100 za maji hubeba gramu 7.4 za potasiamu salfeti kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, gramu 11.1 kwenye nyuzi 20, gramu 12 kwenye nyuzi 25, na gramu 24.1 tu maji yanapochemka. Kutoka maji baridi ya bomba hadi maji yanayotokota, uwezo wa kubeba chumvi hii umeongezeka mara mbili na kidogo. Hatua zote zinazofuata zinatokana na namba hizo.

Lebo isomwe hadi herufi ya mwisho

Potasiamu na salfa zina familia ya chumvi ambazo majina yake yanakaribiana mno, na kuchukua chupa isiyo yenyewe kunaweza kuua. Potasiamu salfaidi, K₂S, ikikutana na asidi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai yaliyooza. Gesi hiyo ni sumu kali, na ikizidi pua huacha kuinusa. Potasiamu salfaiti, K₂SO₃, na metabisalfaiti, K₂S₂O₅, zikitiwa asidi hutoa salfa dayoksaidi inayokaba koo. Potasiamu pasalfeti, K₂S₂O₈, ni kioksidishaji kikali kisichotakiwa kukaribiana na vitu vinavyoungua. Potasiamu haidrojeni salfeti, KHSO₄, ni asidi yenye sura ya chumvi. Hii ya mwisho tutakutana nayo tena, maana ndiyo unayoipata bila kukusudia ukikosea vipimo.

Vipimo vya kuanzia

Mlinganyo wenyewe ni mfupi:

2KOH + H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2H₂O

Moli mbili za potasiamu haidroksaidi kwa moli moja ya asidi ya salfuriki. Kiasi kinachofaa kwa meza ya kawaida ya maabara ni moli 0.1 ya chumvi, yaani gramu 17.4. Utaipata kwa kuchanganya mililita 100 za KOH ya 2 M na mililita 100 za asidi ya 1 M (M ni idadi ya moli kwenye lita moja ya myeyusho).

Kwa nini 2 M na 1 M, si 4 M na 2 M zitakazokupunguzia maji ya kuvukiza? Ukichanganya myeyusho wa 4 M na wa 2 M unapata gramu 17.4 kwenye mililita 100, wakati maji ya kawaida hubeba 12. Fuwele zitaanza kudondoka ndani ya flaski katikati ya titresheni (kuteremsha asidi kidogo kidogo hadi ilingane na alkali), zikifunika rangi ya kiashiria, yaani dawa inayobadili rangi mwisho ukifika, na kufungia alkali ndani yake. Kwa 2 M na 1 M unakuwa na takriban gramu 8.7 kwenye kila mililita 100, na kila kitu kinabaki kimeyeyuka.

Myeyusho wa KOH: vidonge vinavyouzwa kwa kazi za maabara kwa kawaida ni asilimia 85 hivi, kinachobaki ni maji na kaboneti kidogo. Kwa mililita 250 za 2 M unahitaji gramu 28.05 za KOH halisi, yaani pima gramu 33 za vidonge. Pima upesi, kwa sababu vidonge hunyonya unyevu ukiwa unavitazama. Vitie kidogo kidogo kwenye mililita 150 za maji yaliyokenekwa, huku ukikoroga, bika likiwa ndani ya beseni la maji baridi. Joto litapanda sana. Myeyusho ukisharudi kwenye joto la chumba, ndipo ufikishe mililita 250. Ukijaza ungali moto, kiwango kitashuka ukipoa na kipimo chako kitakuwa si sahihi. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki, kwani alkali hula kioo polepole na kugandisha vizibo vya kioo.

Asidi ya 1 M: asidi iliyokolea ya asilimia 98 ina nguvu ya takriban 18.4 M. Chukua mililita 13.6, uzimimine taratibu kwenye mililita 180 za maji baridi, ukikoroga, kisha poza na fikisha mililita 250. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Ukimimina maji juu ya asidi iliyokolea, maji yataelea juu yake, yatachemka papo hapo na kurusha asidi usoni.

Miwani ya kinga na glavu huvaliwa tangu hapa hadi mwisho wa kuchanganya. Watu huogopa asidi zaidi, lakini kwa jicho KOH ndiyo mbaya kuliko, kwa kuwa hupenya ndani ya tishu na kuendelea kula. Ikiingia, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha hospitali.

Usiyetaka kushika KOH una njia nyingine nzuri: potasiamu bikaboneti. Yeyusha gramu 20 za KHCO₃ kwenye mililita 100 za maji, ndani ya bika la mililita 400, halafu ongeza asidi ya 1 M taratibu. Moli 0.2 ya bikaboneti hutoa karibu lita 4.8 za kabonidayoksaidi, na ukiharakisha povu litapanda hadi mezani. Njia hii haihitaji titresheni, ila inahitaji uvumilivu mwishoni: gesi iliyoyeyuka majini huufanya myeyusho uonekane una asidi wakati bado alkali ipo. Chemsha dakika tano ili gesi itoke, ndipo upime.

Titresheni, na kiashiria kinachofaa

Lengo la titresheni hapa ni kujua kwa uhakika mililita ngapi za asidi yako zinalingana na mililita 25 za KOH yako. Usiamini hesabu peke yake. Vidonge vya asilimia 85 vinaweza kuwa 83 au 87.

Asidi iwe kwenye bureti, KOH kwenye flaski. Bomba la kioo la bureti likikaa na alkali hukwama. Chota mililita 25.0 za KOH kwa pipeti yenye mpira wa kuvutia (kamwe usivute kwa mdomo), weka matone mawili ya methili oranji, na teremsha asidi. Mwanzo rangi ni ya njano. Inapogeuka kuwa ya chungwa na kubaki hivyo, umefika. Ikiwa nyekundu ya waridi, umepita. Rudia hadi vipimo viwili vitofautiane kwa si zaidi ya mililita 0.1.

Wengi hukimbilia fenolftalini kwa mazoea, na katika kazi hii huwaangusha mara mbili. Kwanza, kwenye alkali yenye nguvu kama 2 M rangi yake ya waridi hujitokeza kisha hufifia yenyewe, na mtu hudhani amefika mwisho kabla hata hajafungua bureti. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, KOH yako ina kaboneti iliyotokana na hewa. Fenolftalini hupoteza rangi kaboneti ikiwa imefika tu hatua ya bikaboneti, kwa hiyo utatia asidi pungufu na chumvi yako itabaki na mabaki ya alkali. Methili oranji hubadilika baada ya kaboneti yote kwisha, ambacho ndicho unachotaka, maana kaboneti nayo inageuka kuwa potasiamu salfeti ile ile.

Tuseme umepata mililita 24.3. Basi kwa mililita 100 za KOH utatumia 24.3 × 4, yaani mililita 97.2 za asidi. Huo mchanganyiko mkubwa unaufanya bila kiashiria, ili rangi isiingie kwenye fuwele. Vile vipimo vyenye kiashiria vimwage, au vichemshe na mkaa amilifu na kuvichuja ukitaka kuokoa chumvi.

Mimina asidi kwenye KOH kwa awamu ndogo, koroga, acha joto litulie. Mwishoni dondosha tone kwenye karatasi ya pH. Inatakiwa ionyeshe 7, au karibu sana nayo. Irekebishe sasa hivi kwa matone ya upande unaopungua, kwa sababu baada ya kuvukiza kosa dogo huwa kubwa. Asidi ya salfuriki haivukizwi pamoja na maji. Yenyewe huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 330. Kila tone lililozidi hubaki kwenye bika, hukolea, na hula mazao yako kwa njia hii:

K₂SO₄ + H₂SO₄ → 2KHSO₄

Haidrojeni salfeti huyeyuka majini zaidi sana kuliko salfeti, hivyo haitoki pamoja na fuwele bali hubaki kwenye maji na kuyafanya yawe makali na yenye kunata. Na ikiwa aliyechanganya alitumia asidi mara mbili ya inayotakiwa, chumvi yote imekuwa KHSO₄. Kuitambua ni rahisi: hugeuza litmasi kuwa nyekundu, hutoa povu ikiguswa na kaboneti, na ikipashwa moto huyeyuka kwenye nyuzi 200 hivi. Potasiamu salfeti halisi haifanyi hata moja kati ya hayo matatu, na kuyeyuka kwa moto hungoja hadi nyuzi 1069. Dawa ya kosa hilo si kutupa. Ongeza KOH hadi pH irudi 7.

Chuja kabla ya kuvukiza

Myeyusho wako sasa ni mililita 200 hivi na haujashiba. Ukiona vumbi, nyuzi za karatasi au wingu lolote, huu ndio wakati wa kuchuja. Ukingoja hadi umekolea, chumvi itaanza kuganda kwenye karatasi na kwenye shingo ya faneli, na utajikuta unakwangua faneli kwa kijiti.

Kupunguza maji: sehemu inayoamua mavuno

Weka alama kwenye bika, kwa kalamu ya kuandikia kioo, kwenye mililita 80. Hiyo ndiyo shabaha. Gramu 17.4 kugawanya kwa 0.241 ni gramu 72 za maji: hapo myeyusho unaochemka umeshiba.

Tia vipande vichache vya kauri vya kuzuia kuruka, na chemsha kwa moto wa wastani. Koroga mara kwa mara. Kwa kiasi hiki, kwenye jiko la umeme, ni kazi ya kama saa moja, na haifai kuiacha peke yake. Ikifika kwenye mililita 80, au ukiona utando mwembamba wa fuwele unajitokeza juu, toa kwenye moto mara moja. Ukiendelea, chumvi itakaa chini ya bika, joto litanaswa chini yake, na mvuke utaibuka kwa kishindo ukirusha maji moto yenye chumvi. Bika pia linaweza kupasuka kwenye sehemu iliyofunikwa na tabaka kavu.

Kuna kipimo maarufu cha kijiti: unachovya kijiti cha kioo, unakitoa, na ukiona fuwele zinaota kwenye tone linapopoa, unaacha kuvukiza. Kwa chumvi nyingi ni mwongozo mzuri. Kwa hii usiutegemee. Tone la potasiamu salfeti litaanza kuota fuwele pale bika likiwa bado na mililita 150, kwa sababu kwenye joto la chumba myeyusho umeshashiba hapo. Ukisimama, ukapoza hadi nyuzi 20, gramu 16 kati ya 17.4 zitabaki majini na utachuja gramu moja na kidogo. Ukivukiza hadi 80 na kupoza hadi nyuzi 20, unapata gramu 9 na nusu hivi. Ukiongeza barafu hadi nyuzi 0, gramu 12. Tofauti ya gramu 11 iko kwenye zile mililita 70 za maji ulizoona uvivu kuzichemsha.

Kupoza na kuchuja

Acha bika lipoe lenyewe mezani hadi liweze kushikwa, kisha liweke kwenye barafu kwa dakika 20. Kupoza ghafla tangu mwanzo hutoa unga laini unaonasa maji machafu katikati ya punje. Kupoza taratibu hutoa punje kubwa zinazochujika na kuoshwa kwa urahisi. Haya ni ya kweli kwa chumvi nyingi, lakini hapa yana uzito zaidi, kwani fuwele za potasiamu salfeti ni ngumu na maji yaliyofungiwa ndani yake hayatoki kwa kukaushwa kawaida.

Chuja kwa faneli yenye kufyonza ikiwa unayo. Osha kwa maji ya barafu, mililita 5, mara mbili. Usizidishe: kila mililita 5 za maji ya nyuzi 0 huondoka na hadi gramu 0.37 za mazao yako. Malizia na mililita 10 za ethanoli, ambayo haiyeyushi chumvi hii lakini huondoa maji na mabaki ya asidi. Moto wote uwe umezimwa kabla ya kufungua chupa ya ethanoli.

Maji yaliyochujwa usiyamwage. Yana gramu 5 nyingine. Yachemshe hadi yabaki mililita 25, poza kwenye barafu, na utapata gramu 3 na nusu au zaidi. Jumla ya awamu zote mbili inaweza kukaribia asilimia 90 ya gramu 17.4. Weka zao la pili kwenye chombo chake, lipime usafi peke yake, kwa kuwa uchafu wote uliokataa kutoka mara ya kwanza umekusanyika humo.

Njia ya mkato ni kumimina ethanoli ya ujazo sawa kwenye maji yaliyobaki yakiwa baridi. Karibu chumvi yote itadondoka papo hapo kama unga mweupe. Ubaya wake ni kwamba ethanoli hudondosha pia kaboneti na takataka nyingine zisizoipenda, kwa hiyo itumie pale tu unapojua maji yako ni safi.

Anayetaka fuwele kubwa za kutazama afuate njia tofauti kabisa. Andaa myeyusho ulioshiba kwenye joto la chumba, gramu 12 kwa kila gramu 100 za maji ikiwa ni nyuzi 25, uchuje, ufunike kwa karatasi iliyotobolewa matundu machache, na uache sehemu isiyotikiswa wala kupigwa na jua kwa wiki mbili hadi nne. Kwa kupoza huwezi kuzipata. Ni uvukizaji wa polepole tu. Zikitoka mara nyingi huwa na sura ya pande sita, kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako. Ni umbo linalodanganya: kimsingi fuwele hii ni ya mfumo wa othorombiki, ila fuwele tatu huota zikiwa zimepandana na kuiga pande sita.

Kukausha

Tandaza kwenye sahani ya kioo, weka kwenye tanuri la nyuzi 105 hadi 110 kwa saa mbili, poza, pima uzito, rudisha nusu saa, pima tena. Uzito usipobadilika, imekauka. Ukiipasha moto haraka, punje zitatatarika na kuruka nje ya chombo: ni yale maji yaliyofungiwa ndani yanayogeuka mvuke. Funika chombo, au saga fuwele kwanza kwenye kinu, kisha ukaushe.

Uzito huu una faida nyingine. Potasiamu salfeti haina maji ya fuwele, kwa hiyo iliyokauka ikipashwa hadi nyuzi 200 haipungui. Ikiwa mtu alichukua NaOH badala ya KOH, fuwele zilizotoka kwenye baridi zitakuwa Na₂SO₄·10H₂O, ambazo huchakaa zenyewe hewani na kuwa unga, na zikipashwa moto hupoteza karibu asilimia 56 ya uzito wake. Vidonge vyeupe vya alkali hizi mbili havitofautiani kwa macho, na kosa hilo hutokea.

Kupima ulichopata

Salfeti: yeyusha gramu 0.1 kwenye mililita 5 za maji, ongeza asidi ya haidrokloriki ya 2 M mililita 1, kisha matone ya bariamu kloraidi ya 0.1 M. Mashapo meupe mazito yasiyoondoka ni BaSO₄. Asidi iwekwe kwanza, kwa sababu kaboneti na salfaiti nazo hutoa mashapo meupe na bariamu, lakini yao huyeyuka kwenye asidi. Na iwe haidrokloriki. Wapo wanaotia asidi ya salfuriki, kisha hushangaa kila sampuli kuwa na salfeti. Bariamu kloraidi ni sumu ikimezwa, kwa hiyo mabaki yake yakusanywe kwenye chupa yenye lebo, yatiwe salfeti ya ziada hadi bariamu yote idondoke, ndipo yatupwe kama taka za kemikali.

Potasiamu: safisha waya wa nikromu kwa asidi ya haidrokloriki hadi usipake moto rangi, uloweshe kwa asidi hiyo, gusa chumvi, weka kwenye moto usio na mwanga. Asidi husaidia, kwa kuwa kloraidi hupaa kwa urahisi kuliko salfeti. Rangi ni zambarau hafifu. Chembe ya sodiamu, hata ya jasho la kidole, huifunika kwa njano kali, kwa hiyo tazama kupitia kioo cha buluu cha kobalti kinachozuia njano hiyo. Usihukumu bila kioo.

Kloraidi: myeyusho uwe mwepesi, gramu 0.1 kwenye mililita 20, ongeza asidi ya naitriki na matone mawili ya naitreti ya fedha. Wingu jeupe ni kloraidi. Ukitumia myeyusho uliokolea unaweza kudondosha salfeti ya fedha, ambayo maji huibeba kidogo tu, na kuhukumu chumvi safi kuwa chafu.

Anayetaka namba afanye kipimo cha uzito. Gramu 0.300 za chumvi kavu kwenye mililita 200 za maji na mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea, pasha hadi karibu kuchemka, teremsha bariamu kloraidi nyepesi polepole ukikoroga, kisha iache kwenye joto kwa saa moja ili punje za BaSO₄ zikue. Chuja kwa karatasi isiyoacha majivu, osha kwa maji moto hadi maji ya kuosha yasionyeshe kloraidi, unguza karatasi taratibu hewa ikipita, na choma kwenye tanuru la nyuzi 800. Chumvi safi inatoa gramu 0.402. Ikiwa pungufu kidogo, mara nyingi si chumvi yenye makosa: potasiamu hujificha ndani ya mashapo ya bariamu na kuchukua nafasi ya bariamu iliyo nzito zaidi. Kuongeza bariamu polepole kwenye myeyusho mwepesi na moto hupunguza tatizo hilo. Ikiwa mashapo yana rangi ya kijivu, karatasi iliungua bila hewa ya kutosha na kaboni imebadili sehemu ya BaSO₄ kuwa BaS. Tone moja la asidi ya salfuriki na kuchoma upya hurekebisha.

Usafi unaohitajika unategemea kazi. Katika kupima naitrojeni kwa njia ya Kjeldahl, chumvi hii hutiwa ili kupandisha joto la kuchemka la asidi ya salfuriki, kutoka nyuzi 340 hivi hadi zaidi ya 370, na huko uchafu wa amonia ndio adui, si kloraidi. Kwa kulisha mimea ni kinyume: kloraidi ndiyo inayoangaliwa, kwa kuwa sababu kubwa ya kuchagua salfeti badala ya kloraidi ya potasiamu ni mazao yanayoumizwa na klorini.

Kuiyeyusha kwa matumizi

Chumvi safi ina potasiamu asilimia 44.9 na salfa asilimia 18.4. Kwenye mifuko ya mbolea potasiamu huandikwa kama K₂O, na K₂SO₄ safi ingesoma 54. Za kawaida husoma 50 hadi 52. Ukitaka potasiamu halisi, zidisha namba ya mfuko kwa 0.83.

Myeyusho wa akiba usizidi gramu 100 kwa lita mahali penye joto la nyuzi 20, na gramu 70 panapokaribia kuganda usiku. Kuyeyuka kwa chumvi hii hunyonya joto: gramu 100 kwenye lita moja hushusha joto la maji kwa nyuzi 3 hivi, na maji yaliyopoa huyeyusha chumvi pungufu. Ndiyo maana mtu hukoroga robo saa, anaona punje chini, na kudhani amepewa mchanga. Anza na maji ya vuguvugu, mimina chumvi kidogo kidogo huku maji yakizunguka, na utaona tofauti.

Isichanganywe na naitreti ya kalsiamu kwenye tangi moja la akiba. Kalsiamu na salfeti hutengeneza jasi, ambayo lita ya maji hubeba gramu mbili na nusu tu. Iliyobaki hudondoka kama tope jeupe linaloziba vichujio na matundu ya mabomba, na haliondoki kwa kuongeza asidi kama linavyoondoka tope la chokaa. Tumia matangi mawili, na yakutane tu kwenye maji mengi ya umwagiliaji.